Kabla hujanunua gofu la duka Mikindani

Msimu wa korosho ukienda vizuri, simu huanza kuingia. "Kaka, kuna gofu Mikindani linauzwa, zamani lilikuwa duka. Nilichukue nibomoe, nijenge fremu?" Nawajibu wote vilevile: lichukue kama uwezo unao, ila usilibomoe, na mfuko wa saruji usivuke kizingiti mpaka tuzungumze. Nimelifufua duka la chini kwenye nyumba ya ukoo wetu, na tangu hapo majirani huniita kuwaangalizia za kwao. Ninayoyaandika hapa nimeyaona kwa macho na kuyashika kwa mikono.

Kwanza ujue unanunua nini. Leo Mikindani ni pembezoni mwa mji, kama kilomita 10 kutoka katikati ya Mtwara, lakini kabla Mtwara haijawa mji, bandari ilikuwa hapa. Sandarusi, pembe, mpira na nafaka vilitokea bara na kupakiwa kwenye ghuba hii. Wajerumani walijenga Boma lao mlimani mwaka 1895. Huku chini wafanyabiashara, wengi wao Wahindi, wakajenga nyumba za mawe: duka chini, familia juu, baraza mbele. Mwaka 1947 ukaja mradi wa karanga wa Waingereza, na kwa ajili yake bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara. Mradi ulikufa mwaka 1951, bandari ikabaki, na wateja wakaifuata. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ikafunga maduka mengi ya watu binafsi ili kupisha ya ushirika. Wenye maduka wakatawanyika, wengine Dar es Salaam, wengine nje ya nchi.

Historia hiyo utakutana nayo kwenye karatasi, ndiyo maana nimeanza nayo. Nyumba zilizotaifishwa ziliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 zikahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo mtu anaweza kukuuzia kwa moyo safi nyumba anayoamini ni ya babu yake, kumbe iliondoka mikononi mwa ukoo zamani. Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa uangalie kumbukumbu za kiwanja kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba. Ikiwa ni ya mirathi, usiridhike na muhtasari wa kikao cha ukoo. Omba barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, kisha uwatafute warithi wengine mwenyewe. Nimeona mnunuzi ameshaezeka bati jipya, ndipo shangazi mmoja akatokea Tanga na haki yake mkononi. Na pita kwa wazee wa mtaa. Wapigie shikamoo, kaa barazani, uliza duka lilikuwa la nani na nani alifuata. Wageni hupenda kuulizia alikopita mmisionari Livingstone mwaka 1866, lakini habari itakayookoa pesa zako ni ya nani alikuwa akiuza sukari na mafuta ya taa kwenye mlango ule.

Sasa ukuta wenyewe, maana hapa ndipo majengo mengi yanapouawa na watu wanaoyapenda.

Kuta hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Matumbawe yametoka baharini, chumvi imo ndani yake, na yana vitundu vingi. Unyevu hupanda kutoka ardhini, huingia kutoka kwenye mvua, kisha hutoka taratibu kupitia lipu ya chokaa. Ukuta unapumua hivyo mwaka mzima. Ukija ukaupiga lipu ya saruji, umeuziba. Maji yanabaki ndani, chumvi inakusanyika nyuma ya lipu na kuganda, na baada ya masika chache lipu inabanduka mabamba kwa mabamba, pamoja na nyama ya jiwe. Kibaya zaidi hukioni: boriti za mikoko zinazobeba dari zimechomekwa ndani ya ukuta huohuo, na ncha zake huoza kimyakimya. Siku dari inashuka, watu husema nyumba ilikuwa imezeeka.

Chokaa haina uchawi, inataka subira. Mawe yanachomwa tanurini, yanazimwa kwa maji, na chokaa iliyozimwa huachwa shimoni au kwenye pipa ikiwa na maji juu yake. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika na kushika vizuri. Mchanganyo wangu ni chokaa 1 kwa mchanga 3, na mchanga uwe wa mtoni, usiwe wa ufukweni. Lowesha ukuta kwanza. Piga tabaka jembamba, ulifunike kwa magunia yenye unyevu, lisubiri, kisha piga jingine. Lipu hii hukomaa kwa kuvuta hewa, na ikikaushwa na jua kali inapasuka. Mvae kinga za mikono na miwani, kwani chokaa mbichi hula ngozi na inaweza kupofusha. Tafuta fundi mzee aliyewahi kuifanya kazi hii, umpe kijana wako amsaidie. Utalipa siku nyingi zaidi za ufundi kuliko kwa saruji, nami nakwambia zilipe, kwa sababu maarifa haya yanaondoka na wazee hawa.

Lakini kabla ya lipu, paa. Ukuta wa matumbawe ukifunikwa kichwa unaweza kusimama miaka mingi bila lipu. Ukiachwa wazi, misimu michache ya mvua inautosha. Bati la kawaida linafaa kabisa, mradi livuke ukuta vya kutosha na maji yapelekwe mbali na msingi. Mti ukiwa umeota ukutani usiung'oe, maana mizizi itatoka na mawe. Ukate, uue kisiki polepole, kisha ujaze nyufa kwa chokaa. Choo na mabomba yapeleke uani. Bomba linalovuja ndani ya ukuta wa namna hii ni ugonjwa usioonekana.

Mlango ukiwa wa nakshi, mtu atakuja kutaka kuununua kabla hujamaliza kufagia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na miimo iliyochongwa kabla ya 1940, na kuusafirisha nje ya nchi bila kibali ni kosa. Jengo lenyewe likiwa la kabla ya 1863 nalo linalindwa, kwa hiyo zungumza na afisa utamaduni wa manispaa kabla ya kugusa chochote. Binafsi ningeukataza uuzaji huo hata kama sheria isingekuwepo. Nyumba iliyong'olewa mlango wake haina tena sababu ya kuitwa duka.

Na lirudishe liwe duka, nakuomba sana. Boma lilifufuliwa na shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, likawa hoteli, na nimefurahi kwamba limesimama. Ila mji hauwezi kuishi kwa hoteli pekee. Chumba cha duka la zamani kina kuta nene na ubaridi wake, huhitaji kiyoyozi. Cherehani, vitabu vya shule, dawa za mikorosho, kahawa ya jioni, vyote vinakaa vizuri humo. Usiweke vioo na alumini mbele, utageuza chumba kuwa tanuri. Ukipangisha, andika kwenye mkataba kwamba mpangaji hatoboi ukuta, hapaki rangi ya mafuta, wala hajengi kibanda juu ya baraza.

Mvua zetu huanza mwishoni mwa mwaka na kuishia karibu na Aprili. Kama umeshalipa na karatasi zako ni safi, panga paa liwe limekwisha kufikia Oktoba, na chokaa uizime sasa hivi ili iwe tayari ukuta ukishakauka.