Jibu: Kuvunja rekodi na kuweka rekodi

Ndugu yangu wa Masasi, umeuliza iwapo "kuvunja rekodi" na "kuweka rekodi" ni jambo moja, na kwa nini tuseme kuvunja ilhali hakuna kilichoharibika. Kinachovunjwa ni kikomo cha zamani, na kwa kawaida anayekivunja huweka kipya papo hapo, ingawa si lazima mambo hayo mawili yaandamane. Chukua mbio za Mtanzania mwenzetu Filbert Bayi, ambaye tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akaweka rekodi ya dunia. John Walker, aliyemaliza wa pili, naye aliupita muda wa rekodi ya zamani ya Jim Ryun, lakini hakuweka rekodi ya dunia kwa kuwa Bayi alikuwa amekwisha kumtangulia.

Tena rekodi ni lazima itambuliwe na wenye mchezo: Eliud Kipchoge alimaliza marathoni chini ya saa 2 mjini Vienna mwaka 2019, na bado muda huo haukuingizwa katika rekodi rasmi, kwa sababu hayakuwa mashindano ya wazi.

Huku kwetu Mtwara, msimu wa korosho ukifika, utasikia bei "imevunja rekodi" kwa kuwa tu imezidi ya mnada uliopita. Hiyo, kwa maoni yangu, ni bei iliyopanda tu. Anayelingana na kikomo cha zamani bila kukizidi, mwambie "ameifikia rekodi".