Mzaliwa wa Kasulu, mkazi wa Dodoma, na malaria ya likizo

Mkuu, umeuliza kwa nini wewe uliyekulia Kasulu umelazwa na malaria baada ya likizo ya siku kumi tu, ilhali wadogo zako wa kule wanadunda. Yalinikuta na mimi, mtoto wa Urambo, nikiwa na mwaka wa tisa hapa Dodoma. Nilikwenda kuzika, nikarudi, siku ya kumi na mbili nikaanza kutetemeka. Kazi yangu ni maabara, basi nikajitoboa kidole na kupaka slaidi mwenyewe. Kwenye darubini, pete tupu. (Kujisomea slaidi huku meno yanagongana, usijaribu.)

Ile pete ni kimelea ambacho tayari kimo ndani ya chembe nyekundu ya damu, na humo kingamwili, zile protini za ulinzi za mwili, hazikifikii. Pa kukizuia ni mlangoni. Kikitoka kwenye ini, wiki moja hivi tangu mbu akuume, kinaitwa merozoiti, na kazi yote ya kujipenyeza huchukua kama dakika moja. Kinaigusa chembe, kinaielekezea ncha yake iliyochongoka, kisha protini yake ya RH5 inashika protini ya chembe iitwayo basijini. Halafu, na hapa ndipo huwa nashangaa kila mara, kinachomeka protini yake nyingine, RON2, kwenye ngozi ya chembe na kuing'ang'ania kwa AMA1, protini iliyobaki mwilini mwake. Mwizi amekuja na kitasa chake, akakipachika kwenye mlango wako, akakifungua kwa ufunguo wake!

Kingamwili ikiganda kwenye RH5 au AMA1, mkono unakosa pa kushika. Lakini kwa dakika moja, chache hazitoshi. Lazima ziwe tele kwenye damu, zikisubiri. Nazo hazidumu. Nusu yake huisha kwa wiki tatu hivi, na mwili hutengeneza nyingine ukichokozwa. Kasulu mbu wanakuchokoza kila msimu. Kwa ukavu huu wa Dodoma, nani akuchokoze?

Wanaosema ni "damu ya watu wa Kigoma" tu, yaani kinga ya kurithi, wakumbuke Gambia 1961: watoto wagonjwa walidungwa kingamwili kutoka damu ya watu wazima wa huko, vimelea vikapungua sana. Chanjo inayolenga RH5 nayo imeshajaribiwa hapa kwetu, Bagamoyo.

Safari ijayo beba chandarua. Na ukirudi na homa, mtaje daktari ulikotoka kabla hajakuandikia dawa ya taifodi.