Namba 2147483647 na Utasa Wake

SWALI: Ndugu Mhariri, kijana anayetutengenezea programu ya stoo hapa Kariakoo ametueleza kwamba namba za risiti haziwezi kuvuka 2147483647, na kwamba namba hiyo ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Je, ukomo huo uliwekwa hapo kwa sababu ya utasa wake? Na aliyethibitisha jambo hilo aliigawa kwa namba ngapi?
Msomaji, Kariakoo, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, kijana wenu amesema kweli kwa yote mawili, ila mambo hayo hayahusiani. Programu nyingi hutunza namba kamili kwa biti 32, yaani nafasi 32 za tarakimu 0 au 1, ambapo biti moja huonyesha kama namba ni chanya au hasi, na zile 31 zinazobaki huishia kwenye 2 kwa kipeo cha 31 ukitoa 1, yaani hiyo 2147483647. Ukomo wa aina hiyohiyo kwa biti 16 ni 32767, ambayo hugawanyika kwa 7, na ule wa biti 64 nao hugawanyika kwa 7. Ya biti 32 kuwa tasa ni sadfa tu.

Swali lako la pili ndilo lenye utamu. Aliyethibitisha ni mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler, mwaka 1772, alipokuwa Saint Petersburg, Urusi, na karibu kipofu kabisa. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, ambacho hapa hakifiki 46341. Lakini hata chini ya hapo zimo namba tasa zaidi ya 4,700, na kuzigawia zote kwa mkono ni adhabu. Euler aliutumia muundo wa namba yenyewe: kwa kuwa kipeo 31 ni tasa, kigawo tasa chochote lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 62, na kikigawanywa kwa 8 kibakize 1 au 7. Ukiyaunganisha masharti hayo, kikigawanywa kwa 248 kitabakiza 1 au 63, na namba tasa za namna hiyo hazifiki mia moja. Ya kwanza ni 311: jaribu mwenyewe, utapata 6905092, baki 35. Inayofuata ni 1303, nayo huacha baki, na ndivyo ilivyo hadi ya mwisho.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kipeo tasa kinatosha. Ukitumia 11 utapata 2047, ambayo ni 23 mara 89, na vigawo vyote viwili hubakiza 1 vikigawanywa kwa 22, kwa kanuni ileile.

Kuhusu risiti, hata mkitoa elfu moja kila siku, ukomo huo mtaufikia baada ya miaka zaidi ya 5,800. Mwulizeni kijana, afadhali, jinsi programu inavyotunza tarehe, kwani zile zinazohesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa biti 32 zitafika 2147483647 tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Dar es Salaam.