Mzee wa Mpakani: Njugu za Kisumu ziende Mbale ama Mwanza?

Barua zimejaa mezani na nyingi mwezi huu zinauliza kitu kimoja, nchi gani hapa jirani ni nzuri ya kufanyia biashara. Nimechagua tatu. Kwa wageni wa hii safu, mimi nilikuwa ejenti wa forodha hapo Busia miaka mingi kabla ya kuanza kuandika, so mengi nasema ni yale nimeona watu wakipitia pale getini, wengine wakitoka na faida na wengine wakirudi na magunia matupu na deni.

Habari mzee. Mimi na dada yangu tunasaga njugu hapa Kibuye, Kisumu. Tulianza na mashine moja saa hii tuko na tatu, na alama ya ubora ya KEBS tulipata. Shemeji yetu ako Mbale anasema Uganda biashara ni rahisi, renti iko chini na watu wanapenda njugu, tufungue duka huko tusambaze hadi Soroti. Mume wangu naye anasema Mwanza ndio kuna watu wengi. Tuko na akiba ya laki nne. Tutajuaje nchi gani ni nzuri kabla hatujamwaga pesa? – Msagaji, Kibuye

Asante mama, na hongera kwa hiyo alama, najua vile watu wa njugu mnahangaika na aflatoksini, ile sumu ya ukungu. Mwanza nitaigusa kwa barua ya mwisho kwa sababu jibu lake ni fupi na ni gumu. Wacha tukae na Mbale.

Nikuulize kwanza, njugu unazosaga unatoa wapi? Kibuye kuna za kwetu za Homa Bay na kuna zile zinavuka Busia kutoka Teso, Soroti na Kumi huko. Sasa kama gunia lako linatoka Soroti, unalipia lori mpaka Kisumu, unasaga, alafu unalipia lori tena kurudisha kwa yule mama aliyekuuzia, na yeye nyumbani kwake anasaga njugu na simsim anatengeneza odi ambayo watoto wake wamekula tangu wazaliwe. Shemeji hajadanganya, watu wanapenda njugu. Lakini kupenda njugu ni jambo moja na kununua njugu ya Kisumu kwenye chupa yenye lebo ni jambo lingine kabisa. Nchi inaweza kuwa nzuri sana kwako kununua na ikawa mbaya kwako kuuza, na watu wengi hawatenganishi hizo mbili.

Njia ninayoamini mimi ni hii. Chukua boksi moja ya chupa 24, boksi moja tu, uifuate na miguu yako kutoka mlango wa mashine yako mpaka siku pesa yake imeingia mkononi mwako kwa shilingi ya Kenya. Beba daftari. Kila mahali boksi inasimama uliza maswali manne: nani hapa anaweza kuizuia, anatumia karatasi gani, analipwa ngapi na anatoa risiti ama hatoi, na inachukua siku ngapi. Andika hapo hapo usingoje jioni. Ukirudi nyumbani hiyo daftari ndiyo mazingira ya biashara ya Uganda kwa mtu wa njugu, na hakuna ripoti itakuambia zaidi ya hapo.

Pale Busia utapata siku hizi ukienda Uganda unamalizia mambo yote upande wa Uganda, wa Kenya na wa Uganda wamekaa pamoja, ilifunguliwa rasmi 2018. Mzigo wa chini ya dola 2,000 wa bidhaa za hapa Afrika Mashariki kuna utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, unajaziwa cheti cha asili ya bidhaa hapo hapo na hulipi ushuru wa forodha, mradi bidhaa yako iko kwa ile orodha waliyokubaliana. Usisikie hivyo ukadhani hulipi chochote. Kodi za ndani zinabaki, na VAT ya kwao ni asilimia 18, si 16 kama yetu. Na kama kuna wakati unachanganya njugu za Malawi ambayo haiko kwenye jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, uliza mapema kama bado zinahesabika ni za Kenya ukishasaga. Swali hilo ukiulizwa getini na lori linanguruma umechelewa.

Kuhusu alama ya KEBS, nchi za jumuiya zilikubaliana kutambua alama za ubora za kila mmoja. Hiyo ni sheria. Pale getini kuna kijana amesimama na anataka kuona karatasi, so beba cheti chenyewe na majibu ya maabara ya mzigo ule ule, si ya mwaka jana. Nimeona mama wa mayai akikaa siku mbili juani kwa sababu cheti kilikuwa nyumbani Yala na picha ya simu ilikataliwa. Mayai hayangoji.

Alafu kuna jambo ambalo hakuna mtu anapenda kuuliza: serikali ya huko ilifanya nini mara ya mwisho wazalishaji wao walipolia? Usidhani sisi ni malaika. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania ghafla kwa sababu ya aflatoksini, siku chache baadaye ikafungua kwa masharti, na hapo katikati malori yalijipanga Busia na Malaba mpaka madereva wakaishiwa pesa ya chakula. Nilikuwepo. Mwenye lori moja alipoteza kuliko mwenye ishirini kwa sababu huyu wa moja hakuwa na kitu kingine cha kula. Wewe unauza kitu ambacho aflatoksini ni jina lake la pili, so siku Kampala ikitaka kujibu Nairobi, njugu yako ni rahisi sana kushikwa.

Pesa sasa. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160 ya Kenya, miezi michache baadaye ikawa kama 130. Shilingi ya Uganda haikusonga hivyo. Maanake mtu aliyekuwa na milioni moja ya Uganda Januari angepata zaidi ya elfu 40 za kwetu, na katikati ya mwaka hiyo hiyo milioni ni karibu elfu 35. Hakuna aliyemuibia, alikaa tu na pesa. Ukiuza kwa deni la siku 60 kwa supamaketi, hiyo ndiyo hatari unayobeba, juu ya hatari ya supamaketi yenyewe. Supamaketi ya Uchumi ilifunga matawi ya Uganda na Tanzania kwa pamoja Oktoba 2015, Nakumatt nayo ikafuata kuanguka, na waliopeleka bidhaa wakabaki na makaratasi. Na sisi hapa tumeona kinyume chake, Choppies ya Botswana ilikuja ikanunua maduka ya Ukwala ambayo watu wa Kisumu tulikuwa tumeyazoea, na kufikia 2020 walikuwa wametoka Kenya. Hao ni watu wenye mahesabu na mawakili. Kwa hivyo ukifika Mbale usiulize tu wale Wakenya wenye maduka yamesimama, hao watakuambia kuko sawa. Tafuta waliofunga wakarudi. Wako Bungoma, wako Busia, wako hapo Kondele, na wengi watakuambia ukweli kwa kikombe cha chai.

Mimi mwenyewe ni mmoja wao. Nilitaka kufungua stoo ya sufuria huko, nikapata chumba kizuri karibu na stendi, nikalipa renti ya miezi sita kwa mtu ambaye alikuwa na funguo. Alifungua mlango mbele yangu, akanionyesha swichi ya taa, akaniwekea hata kiti. Hakuwa mwenye nyumba, alikuwa mpangaji ambaye alikuwa anahama. Mwezi wa pili mwenyewe akaja na askari. Nilichokosa kufanya ni kitu cha nusu saa tu, kwenda kwa mwenyekiti wa LC1, lile baraza la chini kabisa la mtaa, kuuliza nyumba ni ya nani, na kuandikiana mbele yake na muhuri. Uganda LC1 anajua kila mlango. Usilipe renti ya mtu yeyote kabla hujakaa kwenye benchi la huyo mwenyekiti, hata kama anayekutafutia ni shemeji, na hasa kama ni shemeji.

Ningekuwa wewe laki nne singegusa. Ningetoa elfu arobaini, niende Mbale mara mbili tatu kwa muda wa miezi mitatu (kitambulisho cha Kenya kinatosha kuingia Uganda), nipeleke maboksi machache kwa mwenye duka la jumla ambaye ashalipa leseni yake na renti yake, anilipe pesa taslimu siyo deni, na nione kama anaagiza tena bila mimi kumpigia simu. Na nikiwa huko ningeshuka mpaka Kumi kuulizia bei ya gunia kwa wakulima wenyewe. Naona kabisa faida yako ya kwanza Uganda ikitoka kwa kununua.

Mzee, nafundisha biashara sekondari hapa Kakamega. Kuna jamaa kwenye chama chetu anasema twende Rwanda kwa sababu Benki ya Dunia iliiweka nambari 38 duniani kwa urahisi wa kufanya biashara, Kenya 56, Uganda 116. Hizo nambari ni za kuaminika? – Mwalimu

Nambari zenyewe ni za kweli mwalimu, zilitoka kwa ile ripoti ya Doing Business ya 2020, nchi 190, na Tanzania ilikuwa 141. Lakini mwambie jamaa ripoti hiyo ilifutwa. Septemba 2021 Benki ya Dunia yenyewe iliizima baada ya kugundua data za nchi kadhaa, China na Saudi Arabia zikiwemo, zilichezewa. Sasa wana ingine inaitwa Business Ready, ya kwanza ilitoka Oktoba 2024 na ilikuwa na nchi 50 tu.

Hata kabla haijaharibika ilikuwa na shida ambayo wewe ukiwa Kakamega unaweza kuieleza darasani vizuri. Kwa nchi nyingi ilikuwa inapima jiji moja tu kubwa la biashara. Kenya ni Nairobi. Sasa jiulize hiyo 56 ilisema nini kuhusu mtu anayetafuta leseni ya kaunti Kakamega, ama anayengoja stima Lugari. Na Uganda vile vile, 116 ni Kampala, haikuuliza mtu yeyote Mbale.

Sisemi nambari hazina kazi. Ile ya ufisadi ya Transparency International ya 2024 (alama ikiwa juu ufisadi ni mdogo) iliipa Rwanda alama 57 kati ya 100, Tanzania 41, Kenya 32, Uganda 26, na mtu yeyote amepitisha mzigo kwa hizo nchi nne atakubaliana na mpangilio huo. Zitumie kujua maswali ya kuuliza. Kwa mfano alama ya Rwanda iko juu, sawa, lakini mpaka wake na Uganda pale Gatuna ulifungwa Februari 2019 ukaja kufunguliwa mwisho wa Januari 2022, na njia yenu fupi kutoka Kakamega kwenda Kigali inapita hapo. Miaka karibu mitatu. Mzungushe mzigo kwa njia nyingine uone kama hesabu ya chama inabaki vile vile. Na tusijipendelee, mgeni aliyeangalia Kenya 2007 aliona uchumi unakua karibu asilimia 7, 2008 baada ya ghasia za uchaguzi ukashuka chini ya 2, reli ikang'olewa Kibera na Kampala ikakosa mafuta. Kwa hivyo angalieni pia kalenda ya uchaguzi ya nchi yenyewe na ya kila nchi mzigo unapitia.

Mkuu, niko Nakuru natengeneza simu. Nina beste Mwanza anasema mafundi ni wachache na niende nifungue kiosk. – Fundi, Nakuru

Fundi, usiende kufungua. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuzuia watu wasio raia kufanya biashara za aina 15, na kutengeneza simu imetajwa waziwazi, pamoja na uwakala wa kutuma pesa kwa simu, saluni, kununua mazao shambani na maduka ya jumla na rejareja ukitoa supamaketi. Faini ni kuanzia milioni 10 za Tanzania na unaweza kufungwa. (Mama wa Kibuye umeona, duka la mumeo Mwanza limeishia hapo.) Wakenya tulilalamika kwamba inavunja itifaki ya soko la pamoja iliyoanza 2010, na mimi naamini inavunja, lakini kesi ya itifaki haitakutoa kituoni Ijumaa jioni.

Na beste wako akikuambia muandikishe kiosk kwa jina lake, kataa, urafiki wenu utaishia hapo na spea zako zitabaki kwake. Kama unataka wateja wa upande ule, enda Isebania, mpakani upande wetu, ukae wiki moja ukiangalia. Watu wa Sirari upande wa Tanzania wanavuka kila siku kununua vitu, na simu zilizovunjika kioo zinavuka nao. Ukiwa upande wa Migori leseni yako ni ya kaunti na stima ni ya kwetu. Hesabu simu ngapi zinaingia kwa fundi aliye hapo tayari kuanzia asubuhi mpaka saa kumi, na uniandikie.