Kabla hujaimwaga laki tano kwenye uwakala

Juzi msomaji mmoja wa Muheza kanitumia meseji, "Kaka nina laki tano nataka nifungue uwakala wa pesa za simu, nianzeje?" Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana uwakala ulishawahi kunitoa machozi.

Nilianza Ngamiani, Tanga, barabara ya 12, nauza vocha za kukwangua. Baadae nikawa wakala, foleni mpaka nje, Ijumaa saa nne keshi imekwisha. Watu wakawa wananiita benki na mi naitika! Basi wateja wakaanza kuuliza "lipa namba unayo?", yaani ile namba ya kumlipa muuzaji kwa simu, nawajibu hapa tunaweka na kutoa tu, kwa sababu mtu akishalipia samaki kwa simu haji tena kutoa kwangu, sasa kamisheni nile wapi? Niliichukia ile namba. Kumbe kuna binti ng'ambo ya barabara, kila alfajiri anapiga baiskeli mpaka soko la samaki Deep Sea, anawasajilia akina mama lipa namba, anawaonyesha meseji ya kweli na ya matapeli inavyokuwa, jioni anawapelekea keshi. Wachuuzi wangu wote wakahamia kwake. Nilikuwa namnunia hata salamu, nakiri.

Jamani, M-Pesa yenyewe ilipojaribiwa Kenya 2005 ilikuwa ya kurejesha mikopo midogo, watu wenyewe wakaanza kutumiana hela, ndo 2007 ikazinduliwa kama huduma ya kutuma pesa, 2008 ikafika kwetu. Watumiaji waliigeuza, nayo ikamgeuza muuza vocha kuwa wakala, kazi ambayo haikuwepo. Sasa wewe unataka kazi igande palepale? Amka! Mwangalie mteja anafanya nini na simu yake, achana na rangi ya kibanda cha jirani. Mwangalie mteja, narudia. Na hiyo laki tano ukiigawa nusu floti, yaani hela ya kwenye simu, nusu keshi, akija mtu mmoja anatoa laki tatu umefunga duka.

Siku hizi nafanya kazi na yule binti, yeye yuko Deep Sea, mi natembeza keshi na floti kwa mawakala wa Makorora na Mabawa wakiishiwa. Nilimfuata mwenyewe kumwomba. Akaniangalia weee, akasema "shikamoo benki".

Nikaitika.