Usiandike "I quit" kwenye barua ya kuacha kazi

Juzi msomaji mmoja kanitumia rasimu ya barua yake ya kuacha kazi niipitie. Sentensi ya kwanza: "I quit my job." Kisarufi haina kosa, lakini nikamwambia asithubutu kuipeleka.

Quit ni kitenzi cha mdomoni. Unakitamka mbele ya meneja damu ikichemka, manyanga chini, umeondoka. Kwenye barua wenye lugha yao huandika resign: "I am writing to resign from my position." Iangalie hiyo from. Resign kwa kawaida huenda nayo, quit haiitaki. Tunasema quit the job, basi. Na usije ukatia kistari ukaandika re-sign, maana hapo umeomba kutia saini mkataba upya!

Haya sikufundishwa darasani. Nilipoacha kazi yangu ya kwanza, barua ilikuwa safi: resign yake ipo, notisi ipo, na shukrani ambazo moyoni sikuwa nazo. Bosi akaisoma, akaikunja, akatamka mbele ya wenzangu: "Another quitter." Wakacheka. Mimi niliyekuwa nafungua ofisi asubuhi na kuifunga usiku! Anayeacha sigara ame-quit na anapongezwa, lakini quitter ni tusi: mtu mwepesi wa kukata tamaa, jambo likiwa gumu kidogo anakimbia. Leo watu wananilipa niwasahihishie barua za Kiingereza. Kama yule bosi hupita hapa, salamu zimfikie.

Tuendelee. Baada ya quit, kitenzi kinachofuata huchukua -ing: quit smoking. Kwa stop ndiko wengi wanakoteleza. "He stopped smoking" ameacha sigara. "He stopped to smoke" alisimama ili avute. Wakati uliopita, quit hubaki quit: "she quit last year." Quitted utaikuta kwa nadra, hasa katika Kiingereza cha Uingereza, nawe huna haja nayo. Na tafadhali, quit, quite na quiet ni maneno matatu tofauti; nayaona yakichanganywa kila wiki.

Give up nayo ina mtego wake. Give up smoking ni kuacha kuvuta, ila give up on someone ni kumkatia mtu tamaa. Mpangaji wa Uingereza akipewa notice to quit, kazi yake haijaguswa. Mwenye nyumba ndiye anayemtaka ahame.

Sasa nyinyi mnaoacha kazi kwa meseji ya usiku: andikeni barua. Resign, from, tarehe ya siku ya mwisho, jina, imetosha. Visa vya meneja msivitie humo. Barua huingia kwenye faili, na mwajiri mpya akipiga simu kuulizia habari zako, faili hilo ndilo litakalofunguliwa, wewe haupo pale kujieleza.