Kinachothibitisha ni kadi yenyewe, si risiti

Ndugu, mkaguzi wa treni au basi anapokudai tiketi ilhali ulilipia kwa kadi ya kielektroniki ya usafiri, unachompa ni kadi hiyohiyo, kwa sababu risiti huonyesha kuwa fedha zililipwa tu, haionyeshi kuwa uligusisha kadi kwenye mashine kuanza safari. Kadi nyingi za aina hii zina chipu inayohifadhi tiketi pamoja na kumbukumbu ya mara ya mwisho ulipoigusisha kwenye mashine. Mkaguzi huisogeza karibu na kifaa chake cha mkononi, sentimita chache tu, na papo hapo husoma uliingilia kituo gani, saa ngapi, na kama muda wa tiketi haujakwisha.

Hali ni tofauti kidogo kwa anayelipa kwa kadi ya benki au kwa simu, maana hapo kumbukumbu ya safari hukaa kwenye seva za msafirishaji, na kifaa cha mkaguzi huchukua utambulisho wa kadi ili ulinganishwe na kumbukumbu hizo, pengine baadaye. Kwa hiyo ukigusisha simu wakati wa kuingia, mwonyeshe mkaguzi simu, usitoe kadi ya plastiki hata kama akaunti ni moja, kwani mara nyingi mfumo huvihesabu kuwa vitu viwili tofauti.

Risiti itunze hata hivyo, hasa ya tiketi ya mwezi, kwa kuwa chipu ikiharibika ndiyo utakayoitegemea unapodai faini irudishwe.